Korongo Chini ya Dubu

Kila Jumamosi asubuhi Delia Tuohy alifungua chumba cha vyombo vya fedha cha jumba la Knockavarra, na kila Jumamosi Ledi Sybil Gaultier alikuja na fimbo yake akaketi mlangoni kumwangalia. Hakuja kuzungumza. Alikuja kulinda vijiko.

"Mikono juu ya meza, Tuohy," angesema. "Napenda kuiona."

Delia aliiweka mikono juu ya meza. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kwa miaka minne alikuwa akiitwa kwa jina la ukoo kama farasi wa mashindano. Kazi yenyewe aliipata kwa sababu wasichana wa wilaya nzima walikuwa wamevuka bahari kwenda Uingereza, kwenye viwanda na hospitali, na hakubaki mtu mwingine aliyejua kung'arisha fedha kwa gumba. Na fedha ya kale, hii ya Dublin ya miaka mia mbili, haitaki kitu kingine. Brashi huikwangua, kitambaa huiachia michirizi. Unachukua unga mwekundu wa kung'arishia, tone la maji, na nyama ya gumba lako, unasugua mpaka gumba liungue. Kisha unapuliza pumzi ya moto toka ndani kabisa, kama mtu anayepasha vidole siku ya baridi, na ule ukungu unakuonyesha kila doa ulilolisahau.

Alifundishwa hayo na mama yake. Nance Tuohy, mjane, aling'arisha vyombo vya Knockavarra kwa miaka ishirini na miwili, mpaka Aprili ya mwaka 1921 alipofukuzwa kama mbwa aliyekula yai.

Kilichopotea kilikuwa pete ya bakuli. Si pete ya kidoleni. Ni pete kubwa ya fedha ambayo bakuli la viazi hukalia juu yake ili meza isiungue, umbo lake kama kata anayoweka mtu kichwani chini ya mtungi. Hii ilikatwa nakshi ya ng'ombe, ndege, na mwanamke anayesukasuka maziwa, na katikati palichongwa nembo ya akina Gaultier: korongo mwenye samaki mdomoni. Siku moja haikuonekana kabatini. Ledi Sybil mwenyewe ndiye aliyetaja jina la Nance. Askari wakaja kijijini, wakaingia nyumba ya Nance iliyotazamana na kanisa, wakamwaga vitu vyake barabarani wakati watu wanatoka misa. Shimizi, soksi, sufuria, rozari. Pete hawakuikuta.

Hakushtakiwa, na hilo ndilo lililommaliza. Mtu asiyepelekwa kortini hapati siku ya kuachiliwa. Miaka ishirini na minane Nance alisali nyuma ya nguzo, na wanawake wakiwa dukani walisogeza vikapu vyao anapoingia. Delia alikuwa na miaka kumi na minane na mchumba. Mama wa mchumba alisema mwanawe hataoa nyumba ya wezi, na mwanawe, bwege yule, akamsikiliza mama yake.

Kwa hiyo Delia alipoitwa Knockavarra hakwenda kwa shida tu. Alikwenda na chuki yake, akaipeleka kazini kila siku kama chakula cha mchana.

Mwezi wa Oktoba 1949, siku ya Alhamisi, Bwana Hugo alirudi kutoka Dublin na kifurushi. Hugo ndiye mtoto pekee wa Ledi, kapera wa miaka hamsini kasoro, mwenye tumbo na tabasamu, na vitu vya kale alivipenda kuliko watu. Mama yake alikuwa anatimiza miaka sabini na minane Jumapili.

"Mama, fumba macho," alisema.

Delia alikuwa anaweka kuni. Alimwona Hugo akifungua karatasi na kumwekea mama yake kitu mapajani. Ledi akafumbua macho, akatazama, na mikono yake akainyanyua juu upesi, kama aliyegusa kikaango cha moto.

"Pete ya bakuli!" Hugo alicheka kwa furaha. "Ni kama pacha wa ile iliyoibiwa. Tazama, hata ng'ombe. Muuzaji anasema ilikuwa ya ukoo mmoja wa kaskazini. Nembo yao dubu."

"Nzuri," alisema Ledi. "Iondoe hapa."

"Tutaitumia Jumapili. Nimewaalika akina Fennell."

Ledi alikuwa anatazama moto, na Delia alikuwa anamtazama yeye.

Jumamosi iliyofuata kiti cha mlangoni kilikaa kitupu. Miaka minne Ledi hakukosa hata Jumamosi moja, si kwa mafua wala kwa theluji, na leo hakuja. Delia alisubiri kidogo, akaona kimya, akaivuta pete.

Alianza kusugua. Gumba lilipofika kwa ng'ombe wa tatu likakwaruzwa na kitu. Alisogeza pete dirishani. Ng'ombe wa tatu alikuwa na pembe moja. Ile nyingine ilivunjika, ikabaki ncha ndogo kali kama mwiba. Delia alisimama pale na damu kidoleni. Tangu utotoni alimsikia mama yake akimlaani ng'ombe huyo. Kila wiki pembe ile ilimchana kidole, kwa miaka ishirini na miwili, na Nance alimpa jina la mke wa padri mkuu wa Waprotestanti kwa sababu wote wawili, alisema, walikuwa na pembe moja na nia mbaya.

Akageuza pete mpaka penye dubu. Fedha ilikuwa nyembamba mahali pale, alipobonyeza ilibonyea. Mtu alikuwa amekwangua kitu kabla ya kuchonga dubu. Akaisogeza pete mdomoni, akapuliza.

Ukungu ulitanda. Dubu alikaa juu, mistari yake mipya na myeusi. Chini yake, hafifu kabisa, akatokea ndege mwenye shingo ndefu, na mdomoni mwake samaki. Akakaa kadiri ya kuhesabu tatu, akafifia, akatoweka.

Delia alipuliza tena. Alipuliza mara saba. Mara ya saba alikuwa analia kwa hasira, na machozi yakaanza kuharibu kazi yake.

Nyumbani, Nance alikuwa kitini karibu na moto, kifua kikimbana. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ng'ombe wa tatu?" aliuliza.

"Wa tatu. Tazama kidole."

Nance alikishika kile kidole, akakitazama kwa muda. "Mshenzi yule," alisema polepole. "Bado yupo."

"Atakuwa Bwana mzee, mumewe, aliiuza, mama. Akaona haya kusema."

"Bwana mzee alikuwa London tangu Krismasi mpaka Mei. Hakuwepo." Nance alikohoa, akapumzika. "Aprili ile ile aliingia farasi jike wa kijivu bandani. Nakumbuka, kwa sababu siku alipoletwa sote tuliitwa uani kumshangilia. Wiki moja kabla ya mimi kutolewa vitu nje."

Picha ya farasi yule ilitundikwa chumba cha kulia, juu ya meko, kwenye fremu ya dhahabu. Mara ngapi aliipangusa vumbi.

"Unataka nini, mama? Niambie. Nitakipata."

"Sitaki kitu chake. Nataka aje pale mlangoni aseme kwa mdomo wake kwamba sikuiba, na mimi nikiwa hai wa kusikia." Akageuza uso kwenye moto. "Na ufanye haraka, maana kifua hiki hakina subira."

Jumapili, baada ya misa ya asubuhi, Delia hakupitia jikoni. Alikwenda moja kwa moja sebule ndogo, pete mkononi, akaiweka mbele ya Ledi juu ya kitabu alichokuwa anasoma.

"Chini ya dubu yupo korongo wenu," alisema. "Nimemwona. Na ng'ombe wa tatu hana pembe, na mama yangu anamjua."

Ledi aliitoa pete juu ya kitabu, akaweka alama ukurasani, akafunga kitabu. Uso wake mkavu kabisa.

"Alikuwa farasi mzuri sana," alisema. "Hujawahi kuona farasi kama yule, Tuohy, wala hutamwona."

"Mama yangu alifanya nini hata ukamtaja yeye?"

"Hakufanya kitu. Mume wangu angeuliza pete imekwenda wapi. Ilibidi awepo mtu, na mama yako alikuwa karibu." Alisema hivyo kama anayeeleza kwa nini alichukua mwavuli huu akaacha ule.

Delia alikuwa amejiandaa kwa uongo, kwa matusi, kwa kelele. Hili hakujiandaa nalo.

"Uje nyumbani umwambie hivyo. Hilo tu. Anakufa."

"Nije kwenye kile kibanda? Nikapige magoti, labda, na majirani wameshika milango?" Ledi alitabasamu kidogo. Kisha akaisukuma pete kwa ncha ya fimbo mpaka ukingoni mwa meza. "Chukua. Nakupa, mpelekee. Ilikuwa yake kwa miaka ishirini na minane, kila mtu wilayani anajua. Tia kikapuni uende zako."

Mkono wa Delia ulitoka. Aliigusa. Kwa nukta moja alimwona mama yake ameiweka mapajani karibu na moto. Kisha akajiona yeye mwenyewe getini, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu fedha ya Knockavarra.

"Niandikie," alisema.

"Niandike nini?"

"Kwamba umenipa."

Ledi alicheka, safari hii kweli. "Neno langu halikutoshi?"

"Neno lako lilitutosha mwaka ishirini na moja."

Kicheko kikakatika. Yule mama mzee alimkata jicho ambalo lingekausha maziwa, na Delia akajua kwamba zawadi ile ilikuwa mtego, na kwamba simu ya kituo cha polisi ingepigwa kabla hajafika njia panda.

"Kaiweke mezani basi," alisema Ledi. "Uandae viazi. Na kesho usirudi."

Walikaa mezani wanne. Ledi mwisho mmoja, Hugo mwisho mwingine, na katikati Kanali Fennell, aliyekuwa hasikii sikio moja, na mkewe, ambaye alisikia kwa niaba ya wote wawili. Siri ikiingia kwa Bibi Fennell asubuhi, jioni ilikuwa imeshavuka mto. Juu ya meko farasi wa kijivu alitazama kutoka ukutani kwa dharau ya wenye farasi. Viazi vilifuka moshi kwenye bakuli, na bakuli lilikaa juu ya pete.

"Sybil, hii si ile yenu?" aliuliza Bibi Fennell.

"Ni pacha wake," Hugo alisema kwa fahari. "Ile iliibiwa na kijakazi mmoja. Mama, simulia."

"Si habari ya mezani," alisema Ledi.

"Simulia tu, leo ni siku yako."

Delia alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha kanali na sahani ya nyama ya kondoo. Alimwona Ledi akisita. Angeweza kukataa. Badala yake alinyoosha shingo, akamtazama Delia usoni, akasimulia. Alisimulia yote: walivyomwamini mwanamke yule, walivyomlisha, alivyolipa fadhila. Askari waliokuja. Alisimulia vizuri, hata akatia chumvi kidogo, na kanali akatikisa kichwa akisema watu hawa ndivyo walivyo.

"Jina lake nani?" aliuliza Bibi Fennell. "Namfahamu?"

"Nimelisahau," alisema Ledi.

"Nance Tuohy," alisema Delia.

Uma zikasimama. Delia aliweka nyama mezani, mbali na mahali pake, kwenye kitambaa cheupe. Akalinyanyua bakuli la viazi akaliweka kando. Akaichukua pete, na mbele ya wote wanne, ndani ya chumba ambamo mtumishi hakutakiwa hata kukohoa, akapuliza kwa nguvu zake zote. Akaiweka mbele ya macho ya Hugo.

"Soma haraka, Bwana Hugo. Haikai."

Hugo alisoma. Delia aliona rangi ikimtoka mashavuni. Hugo alivijua vitu vya kale; hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alinyanyua macho akamtazama mama yake ng'ambo ya meza, na mama yake akamtazama yeye.

"Sioni kitu," alisema Hugo.

Delia alitaka kumpiga nayo usoni. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka nusu.

"Nipe mimi," alisema Bibi Fennell, na hakungoja kupewa. Aliinyakua pete, akaipulizia pumzi ya kondoo na mvinyo, akakaza macho. Kisha akauchukua uma wake, akaugeuza mpini, ambako korongo wa Gaultier alikuwa amechongwa kama alivyochongwa kwenye kila uma na kila kijiko cha nyumba ile. Akatazama uma. Akatazama pete. Akapuliza tena.

"Lakini ni huyu huyu," alisema. "Hugo, mpenzi, umemnunua korongo wenu wenyewe."

"Amesema nini?" aliuliza kanali.

"Nimesema ni korongo wao wenyewe!" Akampa mumewe, na kanali naye akapuliza. Bibi Fennell alikuwa ameshageuza shingo kuelekea meko. "Sybil, yule farasi. Nilikuuliza wakati ule umempataje, ukaniambia zawadi ya mjomba. Mjomba gani? Nimefikiri miaka yote."

Ledi Sybil alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono yake miwili.

"Tuohy," alisema, "viazi vinapoa."

Delia alivua aproni, akaikunja vizuri kama alivyofundishwa, akaiacha juu ya viazi. Alitokea mlango wa mbele. Hakuwahi kuutumia kabla ya siku ile.

Bibi Fennell alifanya kazi yake kuliko gazeti. Kufikia Jumatano mwenye duka alimletea Nance chai mlangoni na hakutaka kusikia habari ya malipo. Ijumaa akaja yule mama wa mchumba wa zamani, mzee sasa, na mkate wa magadi. Delia alipokea mkate akafunga mlango. Lakini kutoka Knockavarra hapakuja neno.

Jumapili misa ilikuwa inakaribia kwisha. Nance hakwenda, kifua kilimkatalia, na Delia alikuwa amebaki naye. Gari jeusi likaja likasimama mbele ya mlango. Hugo akashuka na kitu kilichofungwa kitambaa cha kijani. Ledi Sybil alikuwa kiti cha nyuma, vioo vimefungwa, ametazama mbele.

Hugo aliinama kuingia. Alisimama katikati ya chumba kile kidogo, kofia kwapani, hajui akae wapi.

"Bibi Tuohy, nimekuletea," alisema, akaifungua pete. "Ni yako. Na hii barua nimeandika kwa mkono wangu, yote, jinsi ilivyokuwa. Nimetia sahihi. Mimi ... nilisema sioni kitu. Niliona."

"Mama yako hana miguu?" aliuliza Nance.

"Hajisikii vizuri."

"Amefika mpaka mlangoni pangu. Bado hatua tano."

Nance alinyoosha mkono, akapewa pete. Kidole chake kilikwenda chenyewe kwa ng'ombe wa tatu, kikatulia pale. Kisha akapuliza. Pumzi haikutosha, akakohoa mpaka Delia akamshika mgongo. Akapuliza mara ya pili, na korongo akatokea na samaki wake. Nance alimtazama mpaka alipofifia kabisa.

"Mwaka ule niliwaambia askari kwamba kitu hiki hakijawahi kukanyaga nyumba yangu," alisema. "Ilikuwa kweli mpaka leo. Leo wewe umenifanya mwongo." Akamrudishia. "Barua niachie. Hiki toka nacho."

"Basi nitakirudisha garini—"

"Si garini. Kwa miguu. Kitambaa tia mfukoni, ushike kwa mikono miwili, mbele yako, mpaka nyumbani kwenu. Mimi vitu vyangu vilionekana vyote. Hata shimizi."

Hugo alitazama dirishani. Kengele ilikuwa inalia, milango ya kanisa inafunguliwa, watu wa kwanza wanatoka. Delia alidhani atakataa, na pengine alitaka akatae, apate sababu ya kuendelea kumchukia. Hugo akatia kitambaa mfukoni. Akatoka na pete mikononi, fedha ikimeta hadharani, akaanza kupanda barabara.

"Hugo!" Fimbo iligonga kioo cha gari. "Hugo!"

Hakugeuka. Watu walisogea kumpisha, wakatazama alichoshika, kisha wote kwa pamoja wakageuka kutazama gari lililobaki bila dereva mbele ya mlango wa Nance Tuohy, na aliyekuwa ndani yake.

"Nisogezee kiti," alisema Nance. "Hapa, kizingitini."

Delia alisogeza kiti, akamfunika mama yake shali magotini. Kati ya kiti na kioo cha gari palikuwa na hatua tano.

"Nimpelekee chai?" aliuliza Delia.

"Hajapiga hodi."

Ledi Sybil alitazama mbele. Nance alimtazama Ledi Sybil. Kutoka pale mpaka Knockavarra ni maili moja na nusu, na kurudi ni maili moja na nusu, na Hugo hakuwa mtu wa kutembea haraka.